Gololi, Kidole Gumba na Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Tangu niishike bunduki hii, miaka thelathini na minane, sijapata kukosa mnyama hata mmoja. Andika hilo, kalamu, na upige mstari chini yake.

Haya. Mstari nimepiga, sasa nakiri. Nimekosa swala, nimekosa nguruwe pori, siku moja nilikosa kichuguu. Ila wa mwaka jana sikumkosa. Nilimpata, na kupata kule kulikuwa kubaya kuliko kukosa. Kulungu dume, hatua themanini. Risasi ilimwingia tumboni akaondoka nayo. Tulimfuata siku mbili, mimi na shemeji yangu fundi saa. Shemeji ndiye aliyemkuta kando ya maji, bado anapumua, na ndiye aliyemmaliza kwa kisu, maana mimi nilikuwa nimekaa chini najifanya natoa mwiba mguuni. Mwiba wenyewe haukuwepo.

Nyumbani nilisema ni upepo. Mke wangu hakuuliza upepo wa kutoka wapi. Yeye namwita Waziri wa Ndani, kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna jambo lisilopita mezani kwake. Aliniangalia tu, nami nikaropoka kiapo: nikijeruhi mwingine akaondoka na maumivu, bunduki nitaipeleka mwenyewe ofisini kwa bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, nikiwa nimevaa tai. Sina tai. Lakini kiapo ni kiapo.

Msimu unafunguliwa tarehe mosi Julai, unafungwa mwisho wa Agosti. Kibali changu ni cha mnyama mmoja. Na bunduki yangu ni gobori la kushindilia kwa mdomoni: unamimina baruti, unaweka risasi, unasukuma kwa mdeki, ile fimbo yake ndefu, mpaka chini, unaweka fataki, unaomba. Ukishapiga, umepiga. Mpaka ushindilie ya pili, mnyama ameshafika kwao anasimulia.

Kwa hiyo mwaka huu sifanyi mchezo. Nina mwezi mzima wa kuchagua risasi. Kosa la mwaka jana lilikuwa la risasi, na risasi nitaitafuta mpaka niipate.

Daftari hili najua litasomwa nikiwa bafuni. Karibu, Mheshimiwa. Ukimaliza lirudishe chini ya godoro, upande wangu, mgongo wake ukiangalia ukuta.

Jumanne, 4 Juni

Ukungu asubuhi. Sikutoka.

Alhamisi, 6 Juni

Nilizipanga risasi zangu kwenye meza ya shemeji, katikati ya saa zake zilizofumuliwa matumbo. Ziko za aina tatu, na kila moja nimeipa jina, maana kitu kisicho na jina huwezi kukitukana.

Ya kwanza ni Gololi. Mviringo mtupu, kama wanayochezea watoto, naisubu mwenyewe, yaani nayeyusha na kumimina kwenye kalibu. Inavishwa kitambaa chembamba cha pamba kilichopakwa nta na mafuta, ndiyo inashuka.

Ya pili ni Kidole Gumba. Nene, ndefu, kichwa butu, kiunoni ina mikunjo ya kubebea mafuta. Ni nzito karibu mara mbili ya Gololi. Ndiyo niliyopiga mwaka jana.

Ya tatu ni Bwana Harusi. Hii ya dukani. Mkwe wangu dereva wa masafa marefu aliniletea pakiti moja. Risasi yenyewe nyembamba, imevaa suti ya plastiki, na ikitoka mtutuni inavuliwa suti njiani.

Shemeji alibana kile kioo chake cha fundi kwenye jicho, akaichukua moja moja.

"Huyu Bwana Harusi ni mzuri," akasema. "Ila atakuaibisha."

"Kwa nini?"

"Bunduki yako ni bibi kizee. Umletee kijana wa suti?"

"Bibi kizee ni dada yako," nikamwambia.

"Nitamwambia."

"Usimwambie."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliuzungushia mdeki kitambaa kwenye ncha mpaka ukabana, akachora alama ya chaki kwenye mpini, akausukuma ndani ya mtutu polepole. Mdeki ukaanza kugeuka wenyewe, kwa sababu ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota kama skrubu. Ukaenda, ukaenda, mpaka chini kabisa, na chaki ilikuwa imegeuka nusu duara tu.

"Mtutu mvivu," akasema shemeji. "Mtutu wote mrefu hivi, nusu mzunguko! Risasi ndefu inataka kuzungushwa haraka ili isiyumbe. Hii itaitupa kama mtu anavyotupa gogo."

Nikamwambia sayansi yake aifanyie saa. Nilisoma mpaka darasa la nne; la tano nililiona kupitia dirishani. Lakini alama ile ya chaki nimeiota mchana huu nikiwa nimelala kitini. Ilikuwa inageuka taratibu kama mwezi, nami nimekaa ndani ya mtutu naitazama.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda kwa fundi matairi kuomba risasi. Lugha yetu hii ina ubahili: madini ni risasi, na kinachotoka bundukini ni risasi.

"Naomba risasi," nikamwambia.

Vijana waliokuwa wanasubiri pancha wakasogea nyuma.

"Risasi ya nini, mzee?"

"Ya kutengenezea risasi."

"Sasa hiyo risasi ya kutengenezea risasi, ni risasi au ni risasi?"

Tulikaa tunacheka mpaka mwenye pikipiki akakasirika. Akanipa mfuko wa vile vipande wanavyobandika kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Niliviyeyusha uani kwenye sufuria chakavu, mbali na maji, maana tone moja likiingia mle yote inakurukia usoni. Nikasubu Gololi sita, za kung'aa kama meno ya bandia.

Risasi nzuri ya gobori iwe laini. Kipimo ni kucha ya kidole gumba: ukiikwaruza inaacha mstari. Kucha zangu zimekwisha kwa miaka ya useremala, kwa hiyo nilimpelekea Waziri. Yeye kucha za mkono wa kushoto ni ngumu kama patasi.

Akakwaruza. "Haiingii."

"Kwaruza vizuri."

"Nikwaruze vizuri kuliko hivi nikupe na ngozi? Haiingii, baba. Hii ngumu."

Kumbe vile vipande vya rimu vimechanganywa na madini mengine. Na za mwaka jana nilizitoa hapohapo kwa fundi matairi. Nikaziyeyusha tena ziwe vipande, nikamrudishia fundi matairi.

Jumapili, 9 Juni

Ukungu. Mwaka huu umezidi.

Alhamisi, 13 Juni

Shemeji kaleta bomba la maji la zamani lililong'olewa kwenye nyumba inayobomolewa. Risasi tupu, unaikunja kwa mkono kama ukanda. Nikasubu Gololi ishirini na Kidole Gumba kumi. Kazi hii ina usingizi wake mtamu: inayeyuka, inakuwa kama kioo, unaona mawingu ndani ya sufuria, halafu unayamimina mawingu kwenye kalibu, unafungua, unakuta Gololi.

Nikampelekea Waziri moja. Akaikwaruza, akanishikisha.

"Unaona alama?"

"Naiona. Ndefu kama barabara."

Akanitazama machoni. Akaichukua, akaigeuza, akaikwaruza upande wa pili, akasema, "Haya. Ni laini," akaenda kuanua nguo.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya majaribio. Shimo la udongo, pale walipokuwa wanafyatulia matofali. Bwana nyama alikuja kushuhudia, anasema ni utaratibu, mimi nadhani alikosa pa kwenda. Shemeji alisimamisha katoni hatua hamsini, katikati akapaka duara jeusi kubwa kama sinia. Doa lile hata kipofu angelipata.

Nilipiga nimeegemeza bunduki kwenye gunia la mchanga. Kila risasi tatu tatu, na kila baada ya moja napitisha kitambaa kibichi mtutuni.

Bwana Harusi: moja juu, moja chini, ya tatu ilikwenda kuoa kwingine, katoni haikuiona. Na suti ikaacha plastiki imegandia kwenye mifereji. Nusu saa nasugua.

Kidole Gumba: mbili zilipata katoni. Shemeji akanifuata na katoni mkononi, hacheki. Tundu halikuwa la duara. Lilikuwa refu, umbo la risasi iliyolala ubavu. Ilifika imelala! Mtutu mvivu ulishindwa kuizungusha, ikaenda inapinduka.

Nilikaa juu ya gunia langu la mchanga. Mwaka mzima nimelala na yule kulungu ubavuni. Kumbe si mimi. Risasi ngumu, tena imelala ubavu, hatua themanini! Nilimshika shemeji mabega nikamtikisa.

"Si mimi, shemeji!"

"Ndiyo," akasema. "Pengine."

"Pengine ya nini?"

"Piga Gololi."

Nikapiga Gololi. Tatu, zote kwenye doa, unazifunika kwa kisosi. Bwana nyama akapiga makofi mawili, akaandika kitu, akaniambia, "Mzee, lakini Gololi ni nyepesi, inachoka mapema. Usivuke hatua sitini."

"Hamsini," nikasema. Leo naweza hata kutoa zawadi.

Jumatatu, 1 Julai

Msimu umefunguliwa. Ukungu.

Jumatano, 3 Julai

Tumetoka na shemeji alfajiri, tukarudi saa nne. Kulikuwa na ukungu mzuri, mweupe, umekaa juu ya vichaka kama pamba juu ya kidonda. Nilimwambia shemeji hivyo, nikijua nimesema maneno ya maana.

"Ukungu upi?" akasema.

Mtu huyu ameangalia vikorokoro vya saa mpaka macho yamemharibika. Namhurumia.

Ijumaa, 12 Julai

Nyayo. Mnyama hatukumwona.

Jumanne, 16 Julai

Waziri amelia jino siku tatu. Leo nimempeleka likang'olewe. Alisema hataki mtu amshike, yeye si mtoto. Daktari alipotoa koleo tu, akaudaka mkono wangu, akaufinya kwa zile kucha mpaka nikapiga kelele mimi. Daktari akauliza nani mgonjwa.

Tukirudi, shavu limevimba, akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "Ule mkono nitakulipa."

"Utanilipaje?"

"Siku yako ikifika, nitakushika mimi."

"Siku yangu haifiki. Meno yangu ya juu yameshahama, ya chini yamefunga mizigo."

Akacheka, damu ikamtoka, akanipiga.

Jumapili, 21 Julai

Ukungu.

Ijumaa, 26 Julai

Ukungu. Hata sebuleni. Nimemwambia Waziri apunguze moshi jikoni. Akasema leo hajawasha moto.

Jumamosi, 3 Agosti

Daftari siku hizi wanatengeneza vibaya, mistari imebanana. Naandika mstari mmoja, naruka miwili.

Jumatano, 7 Agosti

Tumeona jike na mtoto wake. Hatupigi jike. Shemeji alinionyesha kwa kidole, "Pale, chini ya mti uliokatika." Nikasema, "Nawaona, wazuri." Niliona mti mzima, wala haujakatika.

Alhamisi, 15 Agosti

Ndoto ya mchana. Nimesimama ndani ya maziwa. Kulungu wa mwaka jana ananijia, anatembea vizuri, tumboni hana kitu. Mdomoni ameshika Kidole Gumba kwa meno, kama mbwa anayerudisha kiatu. Ananyoosha shingo anirudishie. Mimi nafungua kiganja, lakini sioni kiganja changu kiko wapi.

Niliamka Waziri amekaa ukingoni mwa kitanda ananitazama.

"Ulikuwa unapapasa," akasema.

"Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Muongo mkubwa," akasema, ila hakuondoka.

Jumamosi, 24 Agosti

Zimebaki siku saba. Nimebadilisha kitambaa, nimechukua kinene kidogo, Gololi inabana vizuri zaidi. Baruti kavu. Fataki mpya. Hakuna kilichobaki cha kurekebisha. Jambo hili linanisumbua, sijui kwa nini.

Alhamisi, 29 Agosti

Naandika mara tu baada ya kurudi, kabla sijatunga uongo.

Tulikaa kwenye ukingo wa shamba lililoachwa, pale kichaka kinapoanza. Jua lilikuwa limetoka, naliona kwa joto lake shavuni. Bunduki ilikuwa imeshindiliwa: baruti, kitambaa, Gololi laini ya bomba la maji. Shemeji kulia kwangu. Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Ndege wakatuzoea.

Shemeji akanigusa kiwiko. Akanong'ona, "Huyo."

"Naam."

"Dume. Ubavu wote kwako. Hatua arobaini."

Nilinyanyua bunduki, nikaiegemeza kwenye tawi. Na kweli nikamwona, rangi ya udongo uliolowa, ametulia kama kitu kilichochorwa. Mzuri, jamani. Hewa yote iliyomzunguka ilikuwa inang'aa. Nikatafuta lile doa la nyuma ya bega, mahali ambapo Gololi ingemlaza palepale asijue kilichompata. Hatua arobaini! Nimechagua risasi mwezi mzima kwa ajili ya hatua arobaini hizi. Nikavuta nyundo ya fataki, ikalia tik, nikaweka kidole.

Halafu akawa wawili. Mmoja akamtoka mwenzake mgongoni, kama mtu anavyovua koti. Vichwa viwili, mabega mawili, mmoja juu kidogo ya mwenzake.

Nikanong'ona, "Yupi?"

"Yupi nini?"

"Wa juu au wa chini?"

Shemeji akanisogelea. Nilisikia anapumua. "Shemeji," akasema polepole, "yupo mmoja."

"Ni huu ukungu."

"Hakuna ukungu, shemeji. Kweupe. Namwona mpaka kope."

Kidole changu kilikuwa bado pale. Nasema ukweli: nilifikiri kupiga katikati. Mmoja wao angekuwa wa kweli, nusu kwa nusu. Na kama si nyuma ya bega, ni tumboni. Nikasikia tena pumzi zile za kando ya maji, ambazo mwaka jana nilizisikia vizuri sana huku natafuta mwiba.

Nikarudisha nyundo chini taratibu. Kulungu aligeuka, wote wawili wakageuka, wakaingia kichakani wakiwa mmoja.

Tukanyanyuka. Halafu shemeji akauliza, "Na hiyo iliyomo?" Gobori likishashindiliwa huwezi kulitolea risasi mdomoni kirahisi, njia ni kulipiga. Tukaenda kwenye shimo la udongo, nikapiga ukuta. Shemeji akachimba kwa kisu, kisu kilekile cha mwaka jana, akanitolea Gololi. Ilikuwa imebabatika, imefunguka kama uyoga, haijapoteza hata kipande. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Risasi haikuwa na kosa.

Ukungu wa leo ulikuwa mbaya sana.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimefungua daftari nikakuta mtu ameandika chini ya maneno yangu. Wino wa bluu, herufi kubwa kama za kibao cha duka, ili nisikose kuziona:

SIKU ILE YA GOLOLI NILIJIFANYA NAIKWARUZA. NILIKUPA UPANDE MTUPU UKASEMA UNAONA BARABARA. (NI LAINI, NILIPIMA UPANDE WA PILI.) NA MSIMU HUU HAUJAWA NA UKUNGU HATA SIKU MOJA.

Daftari lilikuwa limerudishwa chini ya godoro, upande wangu, mgongo wake ukiangalia ukuta.

Jumamosi, 31 Agosti

Msimu umefungwa.

Mheshimiwa, najua uko hapa, kwa hiyo nakwambia wewe. Mdomoni haya yangetoka yakiwa mzaha.

Mwezi wa pili, nilipopeleka goti langu hospitali, daktari alinimulika macho, hata sikumwomba. Akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho, jicho la kulia." Nikamwambia nina watoto watano tayari, huyo wa sita akamtafute baba yake. Akacheka, nikacheka. Akanipa karatasi ya kliniki ya macho, nikaikunja nikaiweka chini ya kikopo cha baruti, mahali ambapo usingetafuta. Nilijua, basi. Nilijua na nikaenda kulaumu risasi. Kidole Gumba kweli kilikuwa kibaya, hilo silirudishi. Lakini mwaka jana pia kulikuwa na ukungu, na hata wakati ule shemeji aliniuliza ukungu upi.

Shemeji alijua tangu Julai. Alikuwa anakuja nami kila alfajiri ili awepo. Mimi nimemwandika humu kuwa macho yake mabovu. Usimwonyeshe ukurasa ule.

Kiapo hakijavunjika, sikujeruhi mtu yeyote mwenye miguu minne. Bunduki nimeisafisha, nimeipaka mafuta, nimeitundika. Gololi iliyofunguka nimeiweka kwenye kopo lako la sindano, ni yako, ikwaruze ukipenda.

Wanasema wanakitoa kitu chenyewe kwa muda mfupi tu na hakiumi. Hata wewe uliambiwa jino haliumi.

Kliniki ni kila Jumatano, saa mbili asubuhi. Ulisema ule mkono utanilipa. Nautaka wa kushoto, wenye kucha.